Tabibu wa Nafsi Mbele ya Mgonjwa Mgeni

Wiki hii napenda tuzungumze, mama zangu na ndugu zangu, juu ya jambo ambalo huenda likaonekana liko mbali na majumba yetu, nalo si mbali. Ni habari ya mtu aliyeugua moyo na akili akiwa ugenini, na ya tabibu anayeketi mbele yake ilhali hajui lugha yake, wala mila yake, wala dini yake.

Ni nyumba ngapi Mombasa, Lamu, Malindi na kisiwani Pate zisizokuwa na jamaa London, Toronto, Minneapolis au Muscat? Na tangu mwaka 1991, dola ya Somalia ilipoanguka, Pwani yetu iliwapokea ndugu zetu Wabarawa na Wabajuni waliokuja kwa majahazi na mashua, wakakaa katika kambi za Utange, Swaleh Nguru na nyinginezo. Wengi wao baadaye walipelekwa Marekani na Uingereza. Watu hao ni wetu kwa damu na kwa lugha; Chimiini wasemacho Wabarawa ni ndugu wa Kiamu na Kimvita. Wako miongoni mwao waliotoka na majeraha yasiyoonekana kwa macho: aliyeshuhudia nduguye akiuawa, aliyevunjiwa heshima yake, aliyempoteza mtoto njiani. Majeraha ya namna hiyo hayaponi kwa kuwa tu mtu amepewa nyumba yenye maji ya moto na hati ya ukaazi. Mara nyingi huanza kuuma hapo hapo anapopata utulivu, kwani alipokuwa akikimbia hakuwa na nafasi ya kulia.

Kwanza tuelewane juu ya huyo tabibu wa nafsi. Hapigi sindano wala hapasui. Yuko daktari wa magonjwa ya akili mwenye mamlaka ya kuandika dawa, na yuko huyu ninayemzungumzia, ambaye tiba yake ni mazungumzo: mgonjwa huketi naye, aghalabu mara moja kwa wiki kwa muda wa miezi, akasema yaliyomo moyoni, naye akamsaidia kuyapanga na kuyabeba. Daktari wa upasuaji asiyejua neno moja la Kiswahili aweza kumtoa mtu wetu kidole tumbo, naye akapona. Tabibu wa nafsi hawezi. Chombo chake cha kazi ni neno, na neno likipotoka, tiba nzima imepotoka. Ndiyo sababu nchi zinazopokea wageni wengi zimeanza kuwafundisha matabibu wao namna ya kumhudumia mgonjwa wa utamaduni mwingine. Swali langu leo ni moja: wanafundishwa nini hasa? Kwa maana yako mafunzo yanayomfungua tabibu masikio, na yako yanayomziba.

Tuanze na lugha. Mama wa Kiswahili akiulizwa ana nini, husema, "Nina mawazo." Sisi sote twajua uzito wa kauli hiyo: halali usiku, chakula hakimpiti kooni, kuna jambo linamla ndani. Lakini ikifasiriwa neno kwa neno kwa lugha ya Kizungu, mama huyo amesema tu kwamba ana fikra kichwani. Nani asiye na fikra? Akisema "moyo wanipapa" na "kifua kimenibana", atapelekwa kupimwa moyo kwa mashine, na vipimo vitarudi salama, aambiwe hana ugonjwa. Arudi nyumbani na ugonjwa wake.

Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao kwa maradhi ya kuwaza kupita kiasi: kufungisisa. Neno hilo limeingizwa katika mwongozo mkuu wa magonjwa ya akili wa madaktari wa Marekani uliotoka mwaka 2013, uitwao DSM-5, pamoja na maneno mengine manane ya mataifa mbalimbali. Mawazo yetu hayamo katika orodha ile, lakini tabibu aliyewahi kusikia habari za kufungisisa hatakosa kushtuka atakapoyasikia.

Hatari zaidi iko katika mazungumzo ya mauti. Mzee wetu mcha Mungu aweza kusema, "Nimeshachoka na dunia, namngojea Mola wangu aniite." Kwetu hayo ni maneno ya mtu aliyeridhika na umri wake. Tabibu asiyefunzwa aweza kuyasikia kuwa ni nia ya kujiua, akamweka mzee hospitalini kwa lazima. Na upande wa pili ni mchungu zaidi. Mwanamke wa Kiislamu aliyefikia ukingoni akiulizwa waziwazi, "Je, umefikiria kujiua?", atajibu "Astaghfirullah!" kwa haraka, kwa sababu ajua ni haramu na aona haya hata kulitaja jambo hilo mbele ya mtu. Tabibu akaandika kwamba hakuna hatari. Aliyefunzwa vizuri huuliza kwa njia nyingine: je, kuna nyakati unatamani Mwenyezi Mungu akuchukue? Unalala ukiomba usiamke? Hapo mwanamke yule huinamisha kichwa na machozi yakaanza. Baina ya swali la kwanza na la pili kuna roho ya mtu.

Wako watakaosema kwamba dawa ya haya ni mkalimani, na mambo yamekwisha. Hayakwisha. Katika familia za wahamiaji mkalimani wa kwanza huwa ni mtoto, kwa sababu yeye ndiye aliyeshika lugha shuleni upesi kuliko wazazi wake. Hebu tufikirie kijana wa miaka 12 ameketi baina ya mamake na tabibu. Mama ataweza vipi kusema mbele ya mwanawe yaliyompata njiani mikononi mwa wanaume wenye bunduki? Ataweza vipi kusema kwamba mumewe ampiga? Atasema kichwa chamuuma, basi. Na kama atasema, mzigo ule umehamia kwa mtoto. Nchini Marekani kanuni za mwaka 2016 ziliwakataza watoa huduma za afya wanaopokea fedha za serikali kuu kumtegemea mtoto mdogo kuwa mkalimani, isipokuwa katika dharura. Uingereza mgonjwa wa hospitali za umma hatozwi malipo ya mkalimani. Lakini haki isiyojulikana na mwenyewe haimfai kitu, na jamaa zetu wengi hawaijui.

Hata mkalimani wa kulipwa ana mtihani wake. Mbarawa aweza kuletewa mkalimani wa Kisomali kwa sababu karatasi zake zasema ametoka Somalia, hali lugha ya nyumbani kwao ni Chimiini. Au mkalimani huyo akawa wa kabila lililomtenda, na mgonjwa akafunga kinywa. Au akawa jirani wa mtaa mmoja, anayeswali msikiti mmoja na mumewe, na mgonjwa akahofia siri yake itatangulia kufika nyumbani kabla yake. Kwa hiyo katika mafunzo mazuri tabibu hufundishwa kumuuliza mgonjwa kwa faragha, lugha gani ya nyumbani, mwanamke au mwanamume, wa jamii yako au wa mbali, usoni au kwa simu. Hufundishwa kuonana na mkalimani kwanza kabla ya mgonjwa kuingia, kusema kwa vifungu vifupi, na kumtazama mgonjwa badala ya kumtazama mkalimani. Haya ya mwisho yaonekana madogo. Lakini aliyewahi kuzungumziwa kama kwamba hayupo chumbani ajua si madogo.

Sasa nirudi nyuma kidogo, kwa maana jambo hili halikuanza jana, na kisa chake kimoja kikubwa kilitokea katika nchi ya Kiislamu. Mwaka 1953 daktari kijana wa magonjwa ya akili, Frantz Fanon, mzaliwa wa kisiwa cha Martinique, aliingia kazini katika hospitali ya Blida nchini Aljeria, wakati nchi hiyo ikitawaliwa na Ufaransa. Wengi humjua Fanon kwa siasa na vitabu vyake. Mimi leo namtaka kwa udaktari wake. Wagonjwa wa hospitali ile walikuwa wametengwa, Wazungu kwao na Waislamu kwao. Madaktari waliomtangulia katika nchi hiyo, wakiongozwa na Antoine Porot, walikuwa wamefundisha kwa miaka mingi kwamba Mwarabu wa Afrika Kaskazini ni mtu duni wa akili na mkali kwa maumbile yake. Hayo yalisomeshwa kama elimu.

Fanon aliyakataa, akataka kuwatibu wote kwa utu. Katika wodi ya wanawake wa Kizungu alianzisha mikutano, sherehe, nyimbo, gazeti la hospitali na kazi za mikono. Wanawake wale wakachangamka, na hali zao nyingi zikawa afadhali. Akaupeleka mpango ule ule kwa wanaume Waislamu. Haukufua dafu. Wanaume waliketi kimya. Gazeti halikusomwa, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Sherehe zilikuwa za watu wengine. Fanon hakujua Kiarabu, akatumia wakalimani, na baadaye alitambua kwamba kwa mgonjwa wa Kialjeria mkalimani ni mtu anayemkumbusha mahakama na ofisi ya serikali. Ataanzaje kumfungulia moyo?

Hapa ndipo ninapomheshimu daktari huyu. Angeweza kusema kama waliomtangulia kwamba kosa ni la wagonjwa, akili zao hazifai. Badala yake, yeye na msaidizi wake Jacques Azoulay waliandika mwaka 1954 kwamba kosa lilikuwa lao: walichukua vazi lililoshonwa kwa mwili mwingine wakataka kuwavika watu hawa. Wakaanza upya. Wakafungua mkahawa wa kienyeji ndani ya hospitali, mahali pa kukaa wanaume na kunywa pamoja kama walivyozoea kwao. Wakaadhimisha sikukuu za Kiislamu. Wakamleta msimulizi wa hadithi. Wagonjwa wakaanza kuja. Yapata miaka 70 imepita, na bado sijaona somo bora kuliko hilo la kumfundishia tabibu wa nafsi, kwa sababu Fanon alikuwa mtu mweusi, mwenye huruma, aliyechukia ukoloni, na bado nia yake njema peke yake haikumtosha.

Kuna mahali pengine ambapo kutojua kuligharimu maisha. Uingereza, mwezi wa Oktoba 1998, David Bennett, mtu wa asili ya Jamaika aliyekuja nchini akiwa mtoto, alifariki katika zahanati ya magonjwa ya akili mjini Norwich. Usiku huo aligombana na mgonjwa mwenziwe, akatukanwa kwa rangi yake. Kisha wauguzi walimlaza kifudifudi wakamkandamiza mpaka akakata roho. Ripoti ya uchunguzi ilitangazwa mwaka 2004, na miongoni mwa mapendekezo yake ya mwanzo ilitaka kila afanyaye kazi katika huduma za afya ya akili afunzwe juu ya tamaduni za wagonjwa. Tangu hapo mafunzo ya namna hii yalienea sana Uingereza. Naiheshimu nia hiyo. Lakini mtu yule hakufa kwa sababu wauguzi hawakujua chakula cha Jamaika wala mavazi yake. Walimwona kuwa ni hatari kabla hawajamwona kuwa ni mgonjwa. Darasa la siku moja lenye picha za sikukuu za mataifa haliliponyi jicho la namna hiyo.

Na hapa nifike kwenye lile nililosema kuhusu mafunzo yanayoziba masikio. Mwaka 1998 huo huo, madaktari wawili wanawake wa California, Melanie Tervalon na Jann Murray-García, waliandika kisa cha muuguzi mmoja mweusi aliyekuwa akimwangalia mwanamke wa asili ya Amerika ya Kilatini saa chache baada ya kupasuliwa. Mgonjwa alikuwa akiugulia. Daktari mmoja, naye wa asili hiyo hiyo, akapita akasema mama huyu yuko katika maumivu makali. Muuguzi akamkatalia. Yeye, alisema, amesoma somo la tamaduni chuoni, na anajua kwamba watu wa jamii hiyo hukuza maumivu yao kupita yalivyo.

Tazameni basi. Muuguzi huyu hakuwa mjinga wala hakuwa mbaguzi wa kawaida. Alikuwa amefunzwa! Mafunzo yenyewe ndiyo yaliyomnyima yule mama dawa ya maumivu. Kwa ajili ya visa kama hivi, mabibi hawa wawili walisema kwamba lengo lisiwe tabibu kuhitimu katika utamaduni wa watu, kama mtu anavyohitimu udereva, bali awe na unyenyekevu: ajue kuwa mbele ya kila mgonjwa yeye ni mwanafunzi, na kwamba kujifunza huko hakuna siku ya cheti.

Nami naafiki. Nikiambiwa kwamba huko Ulaya tabibu amepewa karatasi iliyoandikwa "Waislamu wako hivi na vile", huingiwa na khofu kuliko nikiambiwa hakupewa chochote. Muislamu gani huyo? Mzee wa Pate aliyekulia katika darsa, au mjukuu wake aliyezaliwa Birmingham asiyejua kuandika alifu? Mdigo wa Kwale, Mbohora wa Mombasa na Mbarawa wa London wote wanaelekea kibla kimoja, na huzuni zao hazifanani. Yupo mwanamke ambaye hataketi peke yake chumbani na tabibu mwanamume, na yupo ambaye hilo halimsumbui ila anachelea kuonekana na watu akiingia mlango ule. Karatasi haiwezi kuyajua hayo. Kuuliza kunaweza.

Kuuliza nako kuna ufundi wake. Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Harvard ambaye pia ni msomi wa mila za wanadamu, alipendekeza mwishoni mwa miaka ya 1970 maswali machache ya kumuuliza mgonjwa yeyote. Tatizo hili wewe mwenyewe unaliita jina gani? Unadhani limesababishwa na nini? Kwa nini lilianza wakati ule lilipoanza? Linakufanya nini mwilini na maishani? Unaogopa nini zaidi juu yake? Unadhani tiba gani yakufaa? Maswali ya ukoo huo huo yamo katika DSM-5, yakiwa 16 kwa jumla, pamoja na kuuliza umeshatafuta msaada wapi na nani amekuwa nawe.

Msidharau wepesi wake. Chukueni mfano wa mama aliyehamia ng'ambo na sasa hatoki chumbani. Akiulizwa tu dalili, atazitaja, na jina la ugonjwa litapatikana: ile huzuni nzito ambayo vitabu huiita sonona. Akiulizwa unaliitaje, aweza kusema, "Ni kijicho." Kwa nini lilianza wakati ule? "Ilikuwa baada ya harusi ya binti yangu, watu waliona mengi." Unaogopa nini? "Naogopa wataniondolea watoto wakijua mimi mgonjwa." Hapo tabibu amepata kitu ambacho orodha ya dalili isingempa. Ajua sasa kwa nini mama huyu hasemi: si kwamba hana imani na tiba, bali adhani kila lisemwalo chumbani lapelekwa kwa maafisa wa ustawi wa jamii au wa uhamiaji. Tabibu mwenye akili ataanza na hilo, amweleze siri inalindwa vipi na mipaka yake ni ipi, kabla hajagusa jingine lolote.

Nimetaja kijicho, na najua mnangoja nizungumzie majini. Imani ya kuwepo kwa majini ni katika imani yetu, haina mjadala kwangu. Kwa hiyo tabibu anayesikia Muislamu akitaja majini akaandika papo hapo kwamba amepungukiwa na akili, amekosea. Lakini na sisi tunakosea tunapofanya kila ugonjwa kuwa jini. Nimeona kwa macho yangu wagonjwa wakizungushwa kwa waganga mwaka mzima, wakifukizwa na kupigwa fimbo kwa kisingizio cha kumtoa pepo, ilhali ugonjwa unakomaa. Kupiga mgonjwa hakuna asili katika Sunna wala katika busara.

Matabibu waliofunzwa vyema wana njia ya kupambanua, nayo yanipendeza kwa kuwa inaturudishia heshima: huwauliza jamaa. Je, mambo anayoyasema huyu ndiyo mnayoyaamini nyote, au hata kwenu yamepita kiasi? Mama akisema ahisi jini limempata, na dada zake wakasema hayo yajulikana kwao, hiyo ni lugha yake ya dhiki. Kijana akisema majini wamemchagua awe mtume mpya, hata bibi yake mwenye tasbihi mkononi atasema huyu ni mgonjwa. Hapana aliye hodari kuliko jamaa katika kuona mpaka huo.

Ufaransa walilichukua jambo hili mbali zaidi. Katika kitongoji cha Bobigny, karibu na Paris, iko hospitali iliyofunguliwa mwaka 1935 kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Kaskazini waliokuwa wakifanya kazi mjini humo. Tangu mwaka 1978 yaitwa Avicenne, yaani kwa jina la Ibn Sina wetu. Hapo, mwishoni mwa miaka ya 1970, Tobie Nathan, mzaliwa wa Misri, alianzisha tiba ya wahamiaji isiyofanana na nyingine: mgonjwa haingii peke yake, huja na jamaa zake, wakaketi duara pamoja na matabibu kadhaa wa asili mbalimbali na mkalimani, na mazungumzo huwa kwa lugha ya mgonjwa. Kwa mtu aliyelelewa katika baraza, kuketi wawili chumbani na mgeni ni kama kuhojiwa na polisi; kuketi duara ni jambo analolifahamu. Marie Rose Moro aliendeleza kazi hiyo hospitalini hapo, hasa kwa watoto wa wahamiaji. Nathan alilaumiwa na wengi, nao hawakukosa hoja: walisema anamfunga mhamiaji ndani ya mila za babu zake hata kama mwenyewe amekwisha zihama. Tunarudi pale pale pa yule muuguzi na somo lake. Mila ni ya mgonjwa, na yeye ndiye wa kusema ni ngapi amezibeba na ngapi ameziacha bandarini.

Kwa upande wa dini, kazi iliyonifurahisha ni ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, wakiongozwa na Ghazala Mir. Walichukua tiba ya sonona iliyokuwepo, ambayo humsaidia mgonjwa kurudia hatua kwa hatua shughuli zenye maana kwake, wakaitengeneza kwa Waislamu. Mgonjwa huulizwa kwanza yapi ni muhimu maishani mwake. Akitaja dini, na akipenda mwenyewe, hupewa kijitabu chenye mafundisho ya Kiislamu yanayompa matumaini, na kurejea swala au kuwazuru jamaa huwa sehemu ya tiba yake. Asiyependa hapewi. Wala si lazima tabibu awe Muislamu. Ni lazima afunzwe, kwa sababu wengi wao huona taabu kulitaja jina la Mungu kazini.

Jambo hili kwetu si geni. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akapambanua huzuni yenye sababu ijulikanayo na huzuni isiyo na sababu ya wazi, na akaona kwamba ya kwanza yafaa maneno na fikra, na ya pili ina asili mwilini. Katika zama zetu Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, aliwakemea wasomi Waislamu wa elimu ya nafsi waliomeza kila kitu cha Magharibi bila kutafuna. Kitabu chake cha mwaka 1979 bado chasomwa. Kwa hiyo mama asiambiwe kwamba kwenda kwa tabibu wa nafsi ni upungufu wa imani. Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka akapoteza nuru ya macho, naye ni Nabii.

Nisiwasahau wa hapa hapa. Wako matabibu na washauri nasaha wanaoletwa Pwani kutoka bara, vijana wenye elimu nzuri, wasiojua kwamba mjane aliye edani hatoki ovyo, au kwamba mwanamke anaweza kunyamaza mbele ya mama mkwe ilhali ana mengi. Na wako mabinti wetu wanaorudi kutoka kazi za majumbani Ghuba wakiwa wamebadilika, hawasemi walichokiona. Wao pia ni wahamiaji, walioumia ugenini wakarudi kwao. Anayewahudumia Mombasa ahitaji yale yale aliyoyahitaji Fanon kule Blida.

Na jamaa aliye ng'ambo? Nyumbani hapa tuna sehemu yetu, kwa kuwa aghalabu sisi ndio tunaopigiwa simu kabla ya tabibu. Mwambieni adai mkalimani wa hospitali na asimtumie mwanawe. Ana ruhusa ya kusema anamtaka mwanamke, na ya kusema mkalimani huyu simwamini. Amweleze tabibu kila anachokinywa, ikiwa ni kombe, habasoda au mizizi aliyotumiwa na shangazi, kwa maana baadhi ya mitishamba hugombana na dawa za hospitali. Kisomo tumsomee, na dawa asiache.

Tena kuna saumu. Iko dawa ya maradhi ya akili iitwayo lithiamu. Anayeitumia akishinda bila maji, kiasi chake katika damu chaweza kupanda kikawa sumu. Tabibu asiyejua kuwa Ramadhani yakaribia hatamwonya, na mgonjwa anayechelea kudharauliwa kwa dini yake hatauliza, atafunga kimyakimya. Sheria imempa mgonjwa ruhusa ya kula, na sheikh wa mtaani kwake aweza kumthibitishia hilo kwa tabibu na kwa nafsi yake pia. Mazungumzo hayo ya watu watatu, mgonjwa, tabibu na sheikh, yafanywe mapema, Shaabani ikiwa bado haijaisha.